Fao la Kukosa Ajira Huamuliwa Kabla Hujaikosa Ajira

Hotuba kwa wafanyakazi wa ujenzi, hoteli na ulinzi, Dodoma Mjini

Mbukwenyi!

Haya, walioitika ni wenyeji. Waliokaa kimya nawajua pia, ninyi mmeletwa hapa na miradi. Mmetoka Singida, Iringa, Kigoma, Mwanza, mkajenga wizara kule Mtumba, mkamwaga zege barabara ya mzunguko, mkakesha uwanja wa ndege wa Msalato. Wazee, shikamooni. Mama zangu, shikamooni. Wengine wote, habari za jioni.

Viongozi wa tawi walioniita wameniomba niwaeleze namna ya kudai fao la kukosa ajira. Nimekubali, ila mada nimeigeuza kidogo. Mimi ni wakili, na mashauri yangu mengi ni ya kazi. Wateja wanaokuja kwangu wakilalamika kwamba wamenyimwa fao, au wamelipwa kiduchu, wengi wao hawakukosea kujaza fomu. Walipofika dirishani mambo mawili yalikuwa yameshaandikwa: mshahara ambao mwajiri alikuwa anauandika kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii anakopeleka michango yao, na barua waliyotoka nayo kazini. Ofisa wa mfuko, hata akiwa na huruma kiasi gani, anafanya kazi na karatasi hizo. Kwa hiyo leo nitakaa zaidi kwenye hizo karatasi mbili, na fomu nitaipitia haraka.

Kwanza tukumbushane tulikotoka, maana hapo ndipo manung'uniko yanapoanzia. Zamani kulikuwa na fao la kujitoa. Kazi ikiisha, unakwenda kwenye mfuko, unachukua chako, unanunua bodaboda au unapaua nyumba kijijini. Mwaka 2012 sheria ilipojaribu kulifuta, wafanyakazi wakaja juu, wa migodini wakiwa mbele, na Serikali ikarudi nyuma. Halafu ikaja sheria ya mwaka 2018. Mifuko ya PPF, PSPF, LAPF na GEPF ikaunganishwa kuwa PSSSF, mfuko wa watumishi wa umma, kuanzia tarehe 1 Agosti 2018, NSSF ikabaki na sekta binafsi pamoja na waliojiajiri, na badala ya kujitoa likaingia hili fao la kukosa ajira. Kama miaka ile ulikuwa kwenye mfuko mmojawapo uliounganishwa, nenda ukaulize rekodi zako ziko wapi leo. PSSSF makao yake makuu yako hapa hapa Dodoma, huna haja ya kupanda basi. Miaka uliyochangia usiiache ikaning'inia.

Sasa, nani analipwa? Sheria inamtaka Mtanzania aliyechangia si chini ya miezi 18, hajafikisha umri wa miaka 55, hajapata kazi nyingine, na hakuacha kazi kwa hiari yake. Aliyevuka 55 ana mlango wake wa kustaafu kwa hiari, tusimchanganye hapa. Aliyechangia chini ya miezi 18 naye hatoki mikono mitupu, anarudishiwa nusu ya michango kwa mkupuo.

Katika masharti hayo yote, linaloua watu ni hilo la mwisho: hakuacha kazi kwa hiari yake.

Naomba mnisikilize kwa makini hapa. Mradi unaelekea ukingoni. Asubuhi moja supavaiza anafika saiti na bahasha. Anawaita mmoja mmoja, karatasi ameilaza juu ya boneti ya pikapu, kalamu iko tayari. "Saini hapa upate hela yako ya mwezi huu, tusicheleweshane." Karatasi imeshachapwa, pengo limeachwa la jina na tarehe tu. Inasomeka hivi: "Mimi ……, naomba kuacha kazi kwa hiari yangu kuanzia tarehe ……, na sina madai yoyote kwa kampuni." Mstari mmoja huo. Nusu ya kwanza imekufungia fao kwenye mfuko, maana umejiandika mwenyewe kuwa umeacha kwa hiari. Nusu ya pili inajaribu kukufungia madai kwa mwajiri. Na hela uliyopewa ni mshahara wa siku ulizokwishafanya kazi, ambao ulikuwa wako hata usiposaini kitu.

Sisemi kila mwajiri anafanya hivyo. Wapo wanaoandika barua safi: "mradi umekamilika, ajira yako inasitishwa kuanzia tarehe fulani, malipo yako ni haya." Barua hiyo itunze kuliko simu yako. Lakini barua za boneti nimeziona za kutosha, na aliyesaini mara nyingi ananiambia, "Nilijua ni ya kupokea mshahara." Ukipewa karatasi, isome yote. Ukiona maneno "kwa hiari yangu" na wewe hujaomba kuondoka, usisaini. Ukihitaji kuthibitisha umepokea hela, andika kwa mkono wako: nimepokea mshahara wa mwezi fulani, kiasi fulani, basi. Na mwenye mkataba wa muda maalumu, mkataba ukifika mwisho wake hapo hujajiuzulu. Nenda na mkataba wenyewe wenye tarehe ya kuanza na ya kuisha, usikubali kuandikishwa barua ya kuacha kazi juu yake.

Kuna dada wa hotelini amenidokeza kabla hatujaanza: vipi mtu aliyeacha mwenyewe kwa sababu hajalipwa mshahara miezi mitatu? Swali zuri sana. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatambua kwamba mwajiri anaweza kufanya mazingira ya kazi yasivumilike hadi mfanyakazi akaondoka, na kuondoka huko kukahesabiwa kuwa ameachishwa. Tatizo ni ushahidi. Ukiandika "naacha kazi kwa sababu binafsi" kwa kuogopa kumuudhi bosi, umejifunga. Andika sababu yenyewe: sijalipwa mshahara wa mwezi huu na huu, nimekumbusha tarehe hii na hii, siwezi kuendelea. Baki na nakala yenye muhuri wao au saini ya aliyepokea. Halafu wahi Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, hiyo tunayoiita CMA. Muda wake nitautaja baadaye, maana ni mfupi kuliko watu wanavyodhani.

Tuje kwenye hesabu. Toeni simu, fungueni kalkuleta, mfanye na mimi.

Fao ni asilimia 33.3 ya mshahara, linalipwa kila mwezi, kwa muda usiozidi miezi 6. Ukipata kazi mwezi wa tatu, linakoma hapo. Tumchukue fundi nondo wa kufikirika, mshahara wake 600,000, amefanya kazi miaka mitatu kamili. Asilimia 33.3 ya 600,000 ni 199,800. Mara sita ni 1,198,800. Hiyo ndiyo hela yake yote ya fao, ikiwa atakaa bila kazi miezi yote sita.

Sasa mfungulie taarifa yake ya michango. Kwa NSSF mchango ni asilimia 20 ya mshahara ghafi, na kwa kawaida kumi inatoka kwa mwajiri, kumi inakatwa kwako. Huko PSSSF ni 15 za mwajiri na 5 za mtumishi. Kwa fundi wetu, asilimia 20 ya 600,000 ni 120,000 kwa mwezi. Kwa miezi 36 ni 4,320,000. Hapo ndipo kelele zinapoanza. "Wakili, nina milioni nne na laki tatu kule, wananipa milioni moja na laki mbili kasoro. Nyingine imekwenda wapi?"

Haijaenda popote. Kosa liko kwenye kudhani kwamba mfuko ni kibubu, unakivunja unatoa ulichotia. Fao hili halikokotolewi kutoka kwenye ulichotia. Linakokotolewa kutoka kwenye mshahara. Watu wawili wenye mshahara wa 600,000, mmoja amechangia miezi 20 na mwingine miezi 100, kwa mwezi wanapata ile ile 199,800. Tofauti yao haionekani leo. Miezi iliyochangiwa inabaki kwenye jina lako, ukipata kazi nyingine unaendelea pale pale ulipoishia, na ikifika miezi 180 umetimiza kipindi cha kupata pensheni ya uzee. Ukikaa miezi 18 bila ajira, sheria inakuruhusu kuomba uanachama wako uhamie kwenye skimu ya hiari, kama walivyo waliojiajiri.

Mnaguna. Gunani tu, hata mimi nina la kusema. Theluthi ya mshahara kwa mtu anayelipa kodi ya chumba Nkuhungu, ana mtoto sekondari na mama yake yuko Kondoa anasubiri hela ya dawa, ni kidogo. Na miezi sita inakatika haraka katika mji ambao miradi mikubwa inaisha kwa pamoja, watu wanajikuta wote mtaani msimu mmoja. Hayo ni ya kuyapeleka kwa wabunge, na wabunge wanakuja hapa mjini kila Bunge likikaa, wala hamhitaji nauli. Lakini malalamiko kwamba mfuko umekula milioni tatu za fundi yanawapoteza. Mnagombana na mfuko, kumbe aliyewapunja ni mwingine kabisa.

Nimfafanue huyo mwingine. Turudi kwa fundi yule yule. Mshahara wake halisi ni 600,000, lakini mwajiri kwenye mfuko ameandika 300,000, ili mchango upungue. Mwajiri ameokoa 30,000 yake kila mwezi. Fundi akiangalia anaona na yeye kakatwa 30,000 tu badala ya 60,000, anafurahi, makato madogo! Wengine ndio wanaomba kabisa, "bosi, niandikie kidogo." Siku kazi inakwisha, asilimia 33.3 inapigwa kwenye 300,000. Ni 99,900 kwa mwezi. Kwa miezi sita 599,400. Fundi ameshapoteza karibu laki sita kwenye fao peke yake, na bado hatujagusa pensheni, ambayo nayo inatazama mshahara uliochangiwa.

Kwa hiyo taarifa ya michango uisome ungali kazini. Mtu akifungua simu anakimbilia jumla ya chini, anaona milioni, anafunga. Jumla iache kwanza. Tazama safu ya mwezi: Januari, Februari, Machi, halafu Mei. Aprili iko wapi? Wakati slipi yako ya Aprili inaonyesha umekatwa. Tazama safu ya mshahara: ni ule ule ulio kwenye slipi, au ni nusu yake? Mwajiri anatakiwa kuwasilisha michango ndani ya mwezi mmoja baada ya mwezi husika kuisha, na akichelewa anatozwa adhabu. Kwa hiyo mchango wa Machi kutoonekana katikati ya Aprili si ajabu. Mchango wa Machi kutoonekana Agosti ni ajabu, na unatakiwa kusema. Peleka slipi zako kwenye ofisi ya mfuko. Mfuko una wakaguzi na una mamlaka ya kumfikisha mwajiri mahakamani kwa michango asiyopeleka. Wakati kampuni ipo na mitambo yake iko saiti, ina cha kukamatiwa. Mkandarasi akishafunga makontena yake akaondoka, unaanza kumtafuta kwa barua.

Na usisahau miezi 18. Ninyi mnaorukaruka saiti, miezi saba kwa huyu, minne kwa yule, hakikisheni kila mwajiri anatumia namba ile ile ya uanachama. Mtu mwenye namba tatu ana michango iliyogawanyika vipande vitatu, na kila kipande peke yake hakifiki 18. Ukigundua una namba zaidi ya moja, omba ziunganishwe sasa.

Kuna jambo jingine watu wanalichanganya na fao. Wanasema, "Nimelipwa na kampuni, kwa hiyo mfuko hautanilipa." Au kinyume chake, mwajiri anawaambia, "Nendeni NSSF mkadai, sisi tumemaliza." Hizo ni hela mbili zisizofanana. Mfuko unakulipa fao. Mwajiri anakulipa stahili za kusitishwa ajira, na hizo haziondoki kwa sababu unakwenda kwenye mfuko.

Stahili hizo ni mshahara wa siku ulizofanya kazi. Ni likizo ambayo hukuichukua. Ni notisi, ambayo kwa anayelipwa kwa mwezi si chini ya siku 28. Kama hawakukupa notisi wanakulipa badala yake. Ni kiinua mgongo kwa aliyetimiza miezi 12 mfululizo akaachishwa na mwajiri: mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, mwisho miaka 10. Fundi wetu wa 600,000, kama yote ni mshahara wa msingi na anafanya kazi siku sita kwa wiki, siku yake moja ni kama 23,077. Mara saba ni kama 161,500. Kwa miaka mitatu ni kama 484,600. Angalia neno "msingi". Kama mkataba wako unasema msingi ni 250,000 na zilizobaki ni posho, hesabu inapigwa kwenye 250,000. Aliyeachishwa kihalali kwa utovu wa nidhamu hana kiinua mgongo, lakini mshahara wake wa siku alizofanya na likizo aliyoilimbikiza hazifutwi.

Na ninyi mlioajiriwa mkiwa Mwanza mkaletwa hapa: mwajiri ana wajibu wa kukurudisha mahali alipokuajiri, wewe na mizigo yako, au akulipe nauli. Akikuchelewesha, kuna hela ya kujikimu ya kila siku hadi atakapokusafirisha. Hili wengi hawalidai, wanaona ni kama kuomba. Daini.

Mdai pia cheti cha utumishi. Ni haki yako ajira ikikoma, hakuna haja ya kumbembeleza mtu wa utumishi.

Sasa fomu, niliyosema nitaipita haraka. Nenda na namba ya uanachama, namba ya NIDA, mkataba, barua ya kusitishwa ajira, slipi za mwisho za mshahara, picha, na taarifa za akaunti ya benki yenye jina lako. Majina! Mfuko umeandika Saidi, NIDA imeandika Said, benki imeandika Seid, na hapo dai linasimama kwa ajili ya herufi moja. Rekebisha leo kabla hujalihitaji. Ukipeleka dai, ondoka na uthibitisho wa tarehe uliyoliwasilisha. Mtu asikuuzie fomu pale nje, wala usimpe mtu yeyote namba ya siri ya simu yako kwa ahadi ya kukuharakishia malipo. Hao wapo, na wanawajua wanaotoka kazini kuliko sisi mawakili tunavyowajua.

Nilisema nitataja muda wa CMA. Ukiona umeachishwa isivyo haki, una siku 30 tangu kuachishwa kupeleka lalamiko kwa fomu namba moja ya Tume. Madai mengine, kama mshahara ambao haujalipwa au likizo, ni siku 60. Hulipii kufungua shauri. Ukichelewa unaweza kuomba kuongezewa muda, lakini utatakiwa kutoa sababu nzito, na "nilikuwa nasubiri kampuni inipigie" mimi sijaiona ikikubaliwa. Watu wanakaa wiki tatu wakiahidiwa kwenye simu, "njoo Jumatatu, njoo Ijumaa," siku 30 zinaisha wakiwa njiani kati ya Ihumwa na ofisi ya kampuni. Fungua lalamiko. Mkielewana na mwajiri kesho yake, litafungwa kwa makubaliano, hakuna aliyeumia.

Naona mzee wa ulinzi pale nyuma amenyoosha mkono muda mrefu. Ndiyo, mzee. Anauliza: amefanya kazi miaka sita, lakini kampuni ilimsajili kwenye mfuko mwaka jana tu. Atalipwa kama nani?

Mzee wangu, mfuko leo unaona miezi iliyopo kwenye rekodi. Kama ni 14, wewe kwao ni mtu wa chini ya miezi 18. Lakini mwajiri alikuwa na wajibu wa kukusajili tangu ulipoanza, na kutokukusajili ni kosa lake, si lako. Kinachotakiwa ni ushahidi kwamba ulikuwepo: barua ya kuajiriwa ya mwaka ule, kitambulisho cha kazi, daftari la zamu lenye jina lako, miamala ya mshahara kwenye simu au benki. Umesema bado uko kazini? Afadhali. Basi nenda wiki hii, usisubiri wakuache, na uwachukue wenzako wa lindo mwende pamoja, maana kampuni ikikaguliwa kwa ajili ya mmoja itakaguliwa kwa wote.

Waliobaki na barua mifukoni, nitakaa ile meza ya dirishani mpaka saa mbili. Njooni na karatasi zenyewe, msinisimulie. Na mwenye karatasi ambayo hajaisaini bado aje wa kwanza.